Bettye LaVette kauharibu wimbo wa Pink Floyd, na mimi namshukuru

Rafiki yangu mmoja anapiga gita la solo kwenye bendi ya hoteli moja huku pwani. Kazi yao ni kopi. Wageni wanakula samaki, wao wanapiga nyimbo za watu, na saa nne na nusu usiku wanafunga vyombo. Muulize wageni huomba nini, atakutajia nyimbo kumi bila kuvuta pumzi, na "Wish You Were Here" (yaani "laiti ungekuwa hapa") ya bendi ya Pink Floyd haikosekani. Hauchoki huo. Akizianza zile noti za mwanzo anafumba macho kabisa, na mimi nimemwona akikosa tipu kwa sababu hakumwona mgeni aliyesimama mbele yake na noti mkononi.

Siku moja nilimtumia wimbo huohuo ukiimbwa na Bettye LaVette, mwimbaji mweusi wa soul wa Marekani. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, yaani hata mwisho hakuufikisha: "Kaka, huyu mama kauharibu."

Sibishi. Kauharibu kweli. Hoja yangu ni kwamba wimbo huu ulikuwa unahitaji mtu wa kuuharibu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kufanya hivyo kumzidi yeye.

Pink Floyd ni watu wa progresivu roki, ile miziki ya Waingereza yenye nyimbo ndefu kama hotuba ya bajeti. Kwenye albamu yenye wimbo huu, ya mwaka 1975, kuna wimbo mwingine wa vipande tisa ambao ukiuunganisha unapita dakika 25. Katikati ya mambo makubwa kama hayo ndipo ulipokaa huu mdogo wa magita, unaoimbika hata na mtu asiyejua kuimba. Unaanza kwa redio. Mtu anazungusha kitufe, stesheni zinapita, kinasikika kipande cha simfonia ya nne ya Tchaikovsky, halafu linaingia gita la nyuzi 12, jembamba, limebanwa kama linatoka kwenye spika ndogo. Redio yenyewe ilikuwa ya gari la David Gilmour, mpiga gita na mwimbaji wa bendi. Kisha ndani ya chumba anakohoa mtu, anavuta pumzi, na gita la pili, lililo karibu, tena nene, linaanza kulifuata lile la redioni. Picha yake ni ya kijana aliyekaa chumbani akijaribu kupiga pamoja na redio.

Sisi tuliojifunza gita hivyohivyo, kwa kusubiri kipindi cha zilipendwa na kuomba Mungu wimbo urudiwe wiki ijayo, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kile kikohozi tu kinatosha. Vaa hedifoni ukisikie.

Kwa hiyo rafiki yangu ana haki ya kuwa mkali. Ule mwanzo ni kama wudhuu: ukiuruka, swala haipo.

Anayeitwa aje "hapa" kwenye wimbo ni nani? Mashabiki wengi watakwambia ni Syd Barrett, kijana aliyekuwa kiongozi wa bendi mwanzoni, akatoka mwaka 1968 akili zikiwa zimeanza kumchezea. Maneno aliyaandika Roger Waters, mpiga besi wa bendi, na kwake yana mapana zaidi ya mtu mmoja, lakini Gilmour amesema hawezi kuuimba bila kumkumbuka Syd. Na kuna kisa ambacho kingekuwa kwenye tamthilia ungesema mwandishi kazidisha. Tarehe 5 Juni 1975 bendi ikiwa studio za Abbey Road, London, ikimalizia albamu hiyo, aliingia jamaa mnene, kichwa kimenyolewa, nyusi zimenyolewa. Wakamtazama wasimjue. Alikuwa Syd. Watu wanarekodi albamu ya kumlilia aliyepotea, na aliyepotea kasimama nao chumbani hawamtambui.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo LaVette anapoingia, ingawa wengi hawaoni mlango.

Jina la Pink Floyd alilitunga huyohuyo Syd. Aliyachukua majina ya kwanza ya wapiga bluzi wawili weusi wa Marekani, Pink Anderson wa South Carolina na Floyd Council wa North Carolina, ambao walitajwa kwenye maelezo ya jalada la santuri ya bluzi. Basi. Majina mawili kwenye karatasi. Anderson alifariki Oktoba 1974. Council alikuwa amepata kiharusi mwishoni mwa miaka ya 60 kikamwathiri misuli ya koo, akafariki Mei 1976. Pigeni hesabu wenyewe: wimbo wa "laiti ungekuwa hapa" ulitoka Septemba 1975, katikati ya vifo vya watu wawili walioipa bendi jina. Simlaumu mtu, vijana wa Cambridge hawakuwa na deni la kisheria. Lakini mimi tangu nilipojua hilo, kila nikisikia kichwa cha wimbo nauliza ni nani hasa hayupo.

Bettye LaVette alizaliwa Muskegon, Michigan, mwaka 1946, akakulia Detroit. Akiwa na miaka 16, mwaka 1962, alitoa wimbo uliopendwa na akadhani mambo yameiva. Hayakuiva. Mwaka 1972 alikwenda Muscle Shoals, Alabama, akarekodi albamu nzima, na kampuni ikaamua isitoke, bila maelezo ya maana. Mwenyewe amesimulia kwamba aliingia chini ya meza ya chakula akakaa huko siku kadhaa. Ule mzigo ulikaa stoo mpaka mwaka 2000, alipoufufua Mfaransa mmoja mkusanyaji wa santuri. Miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku ya kurekodi angekuwa na watoto wake.

Mama huyu ndiye aliyesimama Desemba 2008 kwenye tuzo za Kennedy Center, Washington, akaimba "Love, Reign o'er Me" ya The Who, bendi nyingine ya roki ya Waingereza, mbele ya wenye wimbo, Pete Townshend na Roger Daltrey. Itafuteni video, mtazame nyuso. Kutokana na usiku ule ikazaliwa albamu ya mwaka 2010, akiwa na miaka 64, ya nyimbo za roki za Waingereza: Beatles, Led Zeppelin, Moody Blues, na huu wa Pink Floyd.

Anaimbaje? Kwanza hamwigi Gilmour, wala hajaribu. Gilmour anaimba kama mtu anayeongea na dirisha, sauti tulivu, melodi imenyooka. LaVette anachelewa. Mdundo unapita, yeye bado yuko nyuma anatafakari neno, halafu analitoa likiwa limekwaruzwa, nusu yake hewa. Pale ambapo bendi nzima ya kopi na meza zote za wageni hupanda pamoja na melodi, yeye anashuka, ananong'ona, ukidhani sauti imekata. Ile picha ya roho mbili zilizopotea ndani ya bakuli la samaki, ambayo kwa Gilmour ni ushairi mzuri wa kijana, kwake inakuwa taarifa. Amekaa humo bakulini. Anajua maji yake.

Mimi pia mara ya kwanza nilizima. Mara ya pili ilikuwa ndani ya daladala, foleni, simu iko mfukoni ikajichagulia yenyewe, nikashindwa kuitoa kwa jinsi tulivyobanana. Nikausikiliza wote. Nikashuka kituo si changu.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kilichobadilika ni nini, maana maneno karibu ni yaleyale. Jibu nimelipata kwenye sarufi ya Kiswahili, mnisamehe. Mwalimu wangu wa sekondari alikuwa akitupigia kelele kuhusu -nge- na -ngali-. Mitaani tunazichanganya, lakini yeye alishikilia: -nge- mlango uko wazi bado, -ngali- mlango umefungwa. Kwa Kiingereza "wish you were here" ni maneno mepesi sana, ndiyo watalii huyaandika nyuma ya postikadi zenye picha ya jahazi. Na Pink Floyd waliyaimba kwa -nge-: laiti ungekuwa hapa. Syd alikuwa hai. Angeweza kuja, na kama tulivyoona, alikuja. LaVette anaimba laiti ungalikuwa hapa. Anayemwita haji. Na unapokuwa na miaka 64 na umetoka Detroit ya miaka ya 60, orodha ya wasiokuja ni ndefu kuliko wimbo.

Pink Anderson haji. Floyd Council, mwenye koo lililopooza, haji. Sidhani kama mama alikuwa akiwafikiria hao. Hiyo ni yangu, naomba niachiwe.

Sisemi albamu yote iko hivyo. Ule wa Moody Blues kwangu umelemewa, kausukuma sana kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Na hata kwenye huu wa Pink Floyd, mimi ningewapunguza wanamuziki. Wako safi mno. Sauti kama ile ningeiwekea gita moja na kiti. Wyclef Jean naye aliwahi kuuchukua, mwaka 2000, akauvalisha kihip-hop. Unachangamsha, sina ugomvi nao, ila ukiisha umeisha.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Bi Kidude alikuwa akiziimba nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Ziwekeni pamoja msikilize. Siti ana sauti ya mtu anayesoma, kila neno limekaa mahali pake. Bi Kidude akishazeeka alikuwa analing'ata neno na kulitema, ngoma ya mkono pembeni, sigara imeshafanya kazi yake kooni. Hakuna Mzanzibari aliyemwambia bibi kaharibu. Tulielewa kwamba nyimbo zimekaa mikononi mwa mwenye nazo. Kwa nini tukifika kwa Wazungu tunakuwa walinzi wa makumbusho?

Nilimwandikia rafiki yangu haya yote, marefu kuliko haya. Akakaa kimya siku nne. Kisha akanipigia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kukubali kitu, akaniambia Jumamosi walijaribu kuupiga polepole, bila ule mwanzo, yeye mwenyewe akiimba, nusu akiongea. Nikamuuliza wageni wamepokeaje.

"Mzee mmoja alinifuata baada ya wimbo," akasema. "Kaniuliza kwa upole kabisa kama nimesahau unavyoanza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikampigia mwanzo, kaka. Nina watoto mimi."