Anko wa ploti nzima

Naomba kuuliza, kwani kwa hii ploti yetu ya Kaptembwa ni nani aliniandika kazi ya ubaba? Mimi sina mtoto, hata wa kusingiziwa sina, kazi yangu ni usoja wa kulinda usiku huku Nakuru mjini, nafika nyumba asubuhi nimeganda na baridi, ndio tu usingizi umenishika vizuri nasikia ko ko ko, Anko, ticha amesema tulete sanamu ya kufukuza ndege.

Si uko na baba?

"Baba amesema wewe hushinda tu nyumbani."

Nashinda! Kulala mchana kwa soja siku hizi ni uvivu. Na tangu huu mtaala wa shule wa CBC uanze 2019 sijawahi pumzika, sisi wa mtaala wa zamani wa 8-4-4 tulisoma bila kusumbua jirani bana, sasa huyu wa Grade 5 anataka chombo cha kupima mvua, mwingine karatasi ya manila, na kale ka PP1, ka chekechea, hata hakana homuweki, kanakuja tu saa sita kunionyesha jino linatingika, naliangalia na macho mekundu nasema eh, jino safi, kesho kanarudi na jino lile lile na mimi naliangalia upya kama sijawahi liona.

Sanamu nilitengeneza. Nikaivisha kabuti yangu ya zamani na kofia, ikasimama vizuri mpaka mbwa ya landilodi ikabweka. Saa hii iko kwa shamba la shule, imepata kazi ya mchana, mimi bado niko nait. Mtoto akapewa "kuzidisha matarajio", ile alama ya juu, halafu baba yake, mtu hajui kijana ako darasa gani, akajipiga picha nayo akaweka WhatsApp ati "tumetoka mbali na mwanangu". Mmetoka wapi? Ni nani alishona vifungo?

Kanisani nako wamama wananishika mkono, usijali, Mungu ako na wakati wake. Wakati upi mama, na hizi diari tatu ziko kwa meza yangu zinangoja sahihi ya mzazi?

Juzi ticha akanipigia. "Mzazi, hii sahihi yako naiona kwa watoto wa mama watatu tofauti." Akanyamaza, ile kunyamaza ya mtu amejua mambo yako. Nikataka kujitetea, lakini akaongeza ati angalau wewe unawajibika, wenzako wanatoroka.

Nikasema asante, ticha.