Kibuyu cha Pombe Mbele ya Mwamba wa Kolo

Agosti 2022, Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM) lilikutana Prague na kupitisha maana mpya ya makumbusho kwa kura za asilimia 92 hivi. Ndani yake mna sharti la kushirikisha jamii. Tangu hapo wataalamu wakikutana, neno ni hilo. Nalikubali. Ila ukumbini, kushirikisha mara nyingi huishia kwenye kumtafutia mgeni shughuli: mtoto afinyange chungu, bibi asimulie hadithi, kikundi cha ngoma ya Kigogo kifungue kikao kabla ya chai ya saa nne, kisha kipande gari kirudi Chamwino wakati mada ndiyo kwanza zinaanza.

Jamii isiyosubiri mwaliko iko Kolo, wilayani Kondoa. Ukipanda kilima cha Mungomi wa Kolo unakuta, chini ya mwamba ulioinama, watu wekundu waliochorwa, warefu, wembamba kama fito, vichwa vimetuna. Wawili kulia na wawili kushoto wanamvuta mmoja wa katikati. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, aliona mtu anatekwa. Wapo wanaoona ni ngoma ya kupandisha mizimu. Warangi, wenyeji wa huku, wao hawajawahi kupafanya mahali pa kutazama tu. Mvua ikigoma au ugonjwa ukishindikana, hupanda kutambika, na tambiko lina pombe ya mtama na mafuta ya mnyama, ambayo pengine huishia kwenye mwamba wenyewe.

Mhifadhi akiona hivyo moyo unamlipuka, na ana haki. Rangi ikishabanduka hairudi, na hakuna fundi wa kuipaka upya. Tena ni jamii ipi yenye kauli? Watafiti wengi huihusisha michoro myekundu na wawindaji, jamaa wa kale wa Wasandawe na Wahadza, na ile myeupe na wakulima waliokuja baadaye. Mrangi anaweza kuwa anamwagia pombe kazi ya babu wa mwenzake.

Lakini UNESCO ilipoiingiza Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kimojawapo cha vigezo viwili ilivyotumia kilikuwa ni hizo mila ambazo bado zinaishi miambani. Ukimfukuza mwenye kibuyu, umefuta nusu ya sababu ya kibao cha Urithi wa Dunia kilichoko barabarani. Na watu waliofukuzwa watapanda usiku, ambako mlinzi haoni pombe imemwagwa wapi.

Mimi naegemea kwa wazee wa tambiko, ila si kwa kila kitu. Uso wenye michoro ubaki chini ya mhifadhi, neno lake liwe la mwisho; pombe imwagwe chini, mbali na rangi, mahali watakapokubaliana. Siku ya tambiko wazee wawe na mamlaka ya kufunga njia, hata kama basi la watalii limeshafika. Hapo ndipo wataalamu wengi huanza kukohoa, kwa kuwa kushiriki kunakomnyima mgeni kiingilio chake hakumo kwenye slaidi.

Kongamano lijalo la wataalamu wa makumbusho likija Dodoma, Kolo ni kama kilomita 180 kwa lami ya kwenda Babati. Siku moja ya ratiba ihamie kule, wazee waongoze kikao, na posho yao isiwe ndogo kuliko ya mtoa mada.