Hifadhi ya Bahari Isiyozuia Nyavu

Desemba 2022, mjini Montreal, mataifa mengi ya dunia yaliahidi kwamba kufikia mwaka 2030 asilimia 30 ya bahari itakuwa imehifadhiwa. Ahadi hiyo naiunga mkono, ila nina shaka na namna inavyohesabiwa, kwa kuwa hifadhi nyingi zilizokwisha kutangazwa bado zinaruhusu nyavu nzito za kukokota. Wavu wa aina hiyo huburutwa sakafuni mwa bahari ukiwa na vyuma na minyororo, ukang'oa matumbawe na sponji zilizokua kwa miaka mingi, ukatibua tope, kisha ukazoa kila kilichomo, wakiwemo samaki wachanga ambao baadaye hutupwa wakiwa wamekufa. Eneo linalovumilia hayo kuliita hifadhi ni kujidanganya.

Hifadhi ya kweli tunaijua ilivyo. Huko Cabo Pulmo, nchini Meksiko, wavuvi walioona samaki wanaadimika walishinikiza eneo lao lilindwe, likatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1995, nao wakaacha kuvua hata katika sehemu ambazo sheria haikuzifunga. Kati ya mwaka 1999 na 2009 jumla ya uzito wa samaki wa hapo iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 460.

Siri kubwa ya hifadhi kama hiyo iko kwa samaki majike wakubwa, ambao kwa kawaida ndio wanaovuliwa kwanza. Chewa jike wa Atlantiki (samaki aitwaye cod kwa Kiingereza) mwenye kilo 30 hutaga mayai yanayokaribia ya majike 28 wenye kilo mbili mbili, ingawa hao kwa pamoja wana uzito unaokaribia kuwa maradufu ya wake.

Wapo wanaouliza mvuvi ataishi vipi eneo likifungwa, na swali hilo ni la haki. Lakini huko Newfoundland, Kanada, chewa hao walivuliwa kupita kiasi, hadi mwaka 1992 serikali ikalazimika kupiga marufuku uvuvi wao, na maelfu kwa maelfu ya watu wakapoteza kazi kwa mkupuo, bila kuulizwa na yeyote.

Sasa mkataba wa bahari kuu, ulioanza kutumika Januari 2026, unawezesha kuanzisha hifadhi nje ya mipaka ya nchi. Tatizo ni kwamba umetakiwa usidhoofishe vyombo vya kikanda vinavyosimamia uvuvi, na vyombo hivyo ndivyo vilivyoziachia nyavu hizo katika sehemu nyingi kwa miaka mingi. Hifadhi ya kwanza itakapopendekezwa, kifungu cha kusoma kabla ya vingine ni kile kinachohusu uvuvi.