Mama gani wa Katwe hugomba kwa Kiingereza?

Katika filamu za watoto za hapa Denmark, mtoto ananuna, anadanganya, anamjibu babake, na hakuna mchungaji anayetokea kumrudi. Hilo hunifurahisha kila mara. Wameliwekea fedha: sheria yao inatenga robo ya ruzuku ya filamu kwa watoto na vijana.

Mtoto wetu sisi wa Uganda, akionekana kwenye skrini, ama anasubiri ada ya shule ama anahubiri.

Msiseme nimelewa maziwa ya Ulaya. Queen of Katwe, filamu ya 2016 juu ya binti wa Katwe, mtaa wa Kampala, naipenda kwa moyo wote. Madina Nalwanga, mtoto wa Kampala anayemwigiza binti huyo, anatembea na mahindi kama tunavyotembea sisi. Lakini kwao, na mamake, anazungumza Kiingereza! Mtaniambia Kiganda hakiuzi nje. Kiarostami, mwongozaji wa Iran, katika filamu yake ya mwaka 1987 alimpa mvulana wa Koker daftari la mwenzake alirudishe, wakasema Kiajemi mwanzo hadi mwisho, na dunia ikatazama. Tena nendeni kwenye kibanda cha video: VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake, anamsemesha komando wa Marekani Kiganda, wateja wanalipa. Komando ana Kiganda, binti wa Katwe hana.

Mwingine atauliza, kwani Uganda ni Buganda peke yake? Sivyo. Wa Gulu aseme Kiacholi, wa Mbarara Kinyankole, wakikutana kwenye basi wababaishe Kiswahili. Huko kubabaisha ndiko Uganda yenyewe, na sijaona kamera ikikufuata.

Kosa huanzia mazoezini. Mtoto akikaririshwa Kiingereza huyatoa maneno kama shairi la siku ya wazazi: shingo ngumu, macho kwa mwalimu. Usimpe karatasi. Mwambie kwa lugha ya kwao, "Kakako amekula muhogo wako," kisha washa kamera. Uishushe hadi macho yake. Kwa mtoto wa miaka minane ni kama sentimita 115. Ikibaki begani pa mtu mzima inamtazama kutoka juu, na hapo umeshamhurumia kabla hajafungua mdomo. Piga picha asubuhi, hajachoka. Ukirudia mara sita anaanza kujiiga mwenyewe, bora mhamie tukio jingine. Na mvua ikigonga mabati, simamisha kazi: kelele ile ikishaingia juu ya sauti ya mtoto haitoki, na wengi hapo ndipo humwita mtu mzima studio aje kumsemea.