Geuza nyuma kabla hujalipa

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo. Kwenye boksi iliandikwa wati 8,000 PMPO, kwa herufi nyekundu. Nyuma yake, karibu na waya wa umeme, palikuwa na kibandiko kidogo: 230V, 45W. Kibandiko hicho nilikiona miezi mitatu baadaye, siku nilipoisogeza ili nifagie.

Kifaa kinachovuta wati 45 ukutani hakiwezi kupeleka wati 8,000 kwenye spika. Umeme hauzaliani humo ndani. Sehemu yake hupotea kwa joto, na spika hupata kile kinachobaki. PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda huiandika kinavyopenda. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya, kile kifaa kinachoisukuma spika, inaweza kuitoa mfululizo. Kwangu mimi, kumwandikia mnunuzi wati 8,000 ni kumwibia, na inaniuma kwamba tumeshazoea.

Sauti yenyewe iliniudhi kuliko hizo namba. Baba alikuja kunitembelea, nikamwekea dansi la zamani, zile rekodi za studio za Redio Tanzania za miaka ya 1970. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Mwanangu, gitaa la solo limekwenda wapi?" Lilikuwepo, ila lilikuwa limefunikwa. Sabufa za namna ile zina besi moja kubwa na vispika viwili vyepesi vya pembeni, na zimetengenezwa zitoe kishindo. Mwimbaji, solo, ridhimu na tarumbeta huishi kati ya besi na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na hapo ndipo vispika vile vinaposhindwa. Ukiweka taarab ya Unguja ni mbaya zaidi: ganuni na fidla zinasikika kama ziko chumba cha pili.

Tangu siku ile nimeshika msimamo mmoja: amplifaya iwe ndogo na ya kweli, pesa nyingi iende kwenye spika. Ukiwa na laki tatu, laki mbili ni za spika.

Watu hunibishia hapa, wanaona ndogo haitatosha. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa kama desibeli 87 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Ipe wati 10, inafika 97, na hapo hamwezi kuongea sebuleni bila kupaza sauti. Kuanzia hapo, kila desibeli 3 za ziada zinadai nguvu mara mbili. Kutoka wati 25 kwenda 50 sikio linapata nyongeza ndogo tu, lakini mfuko unaumia. Amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, ilitajwa kuwa na wati 20 tu kila upande, na bado ikawa kipenzi cha wasikilizaji wa kipato cha kawaida huko Uingereza na kwingineko.

Siku hizi zipo amplifaya ndogo zinazoitwa za kidijitali, nyingi zikiwa na chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments. Nazipenda, na mojawapo ndiyo ninayotumia. Ila wauzaji huzipachika wati 100, wakati ukweli uko kwenye adapta. Chukua volti za adapta, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa 2, kisha gawanya kwa omu za spika, yaani ukinzani wake; hicho ndicho kikomo cha wati kwa kila spika. Adapta ya volti 12 na spika ya omu 8: wati 9, ukizidisha hapo sauti inaanza kukwaruza. Adapta ya volti 24: wati 36. Amplifaya ni ile ile. Kwa hiyo ukiona yako imelegea, kabla hujaitupa tafuta adapta bora, mradi bodi yenyewe inaruhusu volti hizo. Chipu hiyo mwisho wake ni 26.

Za mtumba kutoka Japani ni nzuri pia. Sansui, Pioneer, Technics: transfoma nzito, swichi za chuma, na fundi mzuri wa redio anaweza kuzifungua na kuzitengeneza. Lakini za soko la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 unaweza kuiua palepale. Angalia kama nyuma ina swichi ya kuchagua volti. Kama haina, weka kwenye hesabu bei ya transfoma ya kushusha umeme, tena yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Waya wa spika usikusumbue. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, unatosha kabisa sebuleni.

Ukienda dukani, nenda na nyimbo zako kwenye simu, zile unazozijua hadi pumzi za mwimbaji, usikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji. Anza bila muziki: fungua sauti nusu, sogeza sikio kwenye twita, usikilize kama kuna mngurumo. Zungusha kitufe cha sauti taratibu, usikie kama kinakwaruza au upande mmoja unakatika. Kisha weka wimbo kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya saa nne usiku watoto wamelala, uone kama solo bado unalisikia.