Paris: ulale katikati au viungani? Hesabu imebadilika

Kwa miaka mingi anayekwenda Paris kwa mapumziko amekuwa akiambiwa jambo moja: lala katikati ya mji hata kama chumba ni ghali, kwa sababu utakachookoa kwa kulala nje kitaliwa na nauli. Ushauri huo ulikuwa na msingi. Hadi mwisho wa 2024 tiketi ya metro ndani ya mji ilikuwa euro 2.15, ilhali safari ya treni ya RER kutoka viunga vya mbali iliweza kufika euro 5 kwa mtu mmoja, tena kwenda tu. Mume na mke waliolala mbali walilipa euro 20 kwa siku kabla hata hawajanywa chai.

Tarehe 1 Januari 2025 mpangilio huo wa nauli kwa kanda ulifutwa. Sasa kuna tiketi moja ya metro, treni na RER kwa mkoa mzima wa Île-de-France, iwe unakwenda vituo viwili au kilomita 40. Ilianza kwa euro 2.50, na Januari 2026 ikapanda hadi 2.55. Aliyelala mjini nauli yake ilipanda, na wa mbali ikashuka kwa karibu nusu. Bado ushauri wa zamani unasambazwa kana kwamba hakuna kilichotokea, na watu wanalipia vyumba vya katikati kwa sababu ambayo haipo tena.

Hiyo haina maana kwamba viunga vimeshinda. Maana yake ni kwamba hoja ya nauli imetoka mezani, na zimebaki hoja nyingine ambazo watu hawazipigii hesabu: muda, chakula, idadi ya watu chumbani, na siku ya juma unayotua.

Tuanze na siku ya kutua, maana ndiyo inayowaumiza wengi bila wao kujua. Kadi ya usafiri ya wiki, Navigo Semaine, inauzwa euro 32.40 kwa bei ya 2026. Inakupeleka kokote mkoani bila kikomo, pamoja na viwanja vya ndege vyote viwili, Charles de Gaulle kwa RER B na Orly kwa metro namba 14. Lakini wiki yake ni ya kalenda: inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili usiku, hata ukiinunua Jumatano. Ya wiki inayoendelea huuzwa mwisho Alhamisi. Kuanzia Ijumaa mashine inakuuzia ya wiki ijayo tu.

Chukua mtu anayetua Jumatatu na kuondoka Jumapili. Bila kadi ya wiki atalipa tiketi ya uwanja wa ndege euro 14 mara mbili, yaani 28. Siku tano za katikati akipanda mara nne kwa siku ni tiketi 20, sawa na euro 51. Jumla 79. Akinunua kadi ya wiki atalipa 32.40 na euro 5 za kadi yenyewe ya plastiki, Navigo Découverte, ambayo malipo ya wiki hupakiwa humo, jumla 37.40. Ameokoa zaidi ya euro 41, na hapo awe amelala mjini au kiungani Montreuil, gharama ni ileile. Sasa msafiri huyohuyo atue Ijumaa na kuondoka Alhamisi: siku tatu za mwanzo ni za tiketi mojamoja, pamoja na ile ya euro 14, kisha Jumatatu ndipo kadi ya wiki inapoanza kumfaa. Kabla hujalipia ndege, angalia kama kutua Jumatatu badala ya Ijumaa hakukuongezei nauli ya anga. Mara nyingi watu hukimbilia tiketi ya ndege iliyopungua kidogo, wakaja kuipoteza tofauti hiyo kwenye mashine ya kituoni.

Tuje kwenye vyumba. Tuseme, kwa mfano tu, hoteli ya nyota tatu karibu na Bastille, ndani ya mji, ni euro 160 kwa usiku, na ya hadhi hiyohiyo Montreuil, kwenye metro namba 9, ni euro 105. Kwa siku sita tofauti ni euro 330. Kodi ya malazi haibadilishi picha hii. Mwaka 2024 iliongezwa sana mkoani kote ili kugharamia usafiri wa umma, na hoteli ya nyota tatu ya Paris ikawa inatoza euro 5.20 kwa mtu mzima kwa kila usiku. Kwa kiwango hicho cha 2024, mume na mke kwa siku sita ni euro 62.40, na kwa kawaida kodi hiyo hailipwi pamoja na chumba mtandaoni, unadaiwa mapokezini. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Iandike kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa hiyo wa Montreuil ana euro 330 mkononi. Zinabaki ngapi? Hapa ndipo wanaotetea katikati ya mji wana hoja nzito, nayo ni mchana. Aliyelala Bastille anarudi chumbani saa saba, anakula mkate, jibini na matunda aliyonunua supamaketi, anapumzika saa moja, kisha anatoka tena. Aliyelala nje harudi. Atakula mgahawani, na hata akichagua mlo wa mchana wa bei maalumu, watu wawili hawatoki chini ya euro 30. Toa gharama ya chakula ambacho wangekula chumbani, umepoteza kama euro 20 kwa siku, yaani 100 kwa siku tano. Ongeza teksi moja ya usiku. Ile 330 sasa ni kama 200. Bado ni pesa, tena nyingi, lakini si zile zilizokuvutia kwenye skrini ya simu.

Halafu muda. Montreuil ya karibu na kituo haina tatizo: dakika 25 hivi umefika katikati. Kiunga cha mbali, cha dakika 45 kwenda na 45 kurudi, kinakula saa moja na nusu kila siku. Kwa siku tano ni saa saba na nusu. Hiyo ni siku nzima ya matembezi kati ya siku ulizoombea viza, ukakatia ndege na kuchukulia likizo. Mtu anayeipa siku hiyo thamani ya euro sifuri anajidanganya, na naliandika hili kwa uzito wote kwa sababu watu wengi hufunga safari hii mara moja tu maishani.

Ipo pia hali ya treni yenyewe. RER B na RER D husumbuliwa na hitilafu, migomo na matengenezo ya usiku yanayofunga sehemu ya njia mapema. Metro za siku za kawaida hukoma saa saba na ushei usiku, na saa nane na ushei usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Baada ya hapo kuna mabasi ya usiku ya Noctilien, ambayo yapo kweli, lakini kwa mgeni mwenye mtoto aliyelala begani si msaada mkubwa. Ndiyo sababu kipimo cha kiunga kizuri si kilomita kwenye ramani. Ni njia ya metro na umbali wa kutembea. Montreuil kwa namba 9, Montrouge kwa namba 4, Vincennes kwa namba 1, Pantin kwa namba 5, Ivry kwa namba 7: hizi ni sehemu za nje ya mpaka wa Paris ambazo kwa vitendo ni mji uleule. Kama hoteli iko zaidi ya dakika kumi kwa miguu kutoka metro, au inabidi upande basi kwanza, hesabu upya, kwa sababu tiketi ya metro na ya basi hazichanganyiki. Ukishuka metro na kupanda basi unalipa tiketi ya pili, euro 2.05.

Mtego mbaya kuliko yote ni hoteli za Roissy, kando ya uwanja wa Charles de Gaulle. Zina bei nzuri, vyumba vipana, na maelezo yake husema treni ya kwenda Paris iko mlangoni. Ipo, lakini kituo hicho ni cha uwanja wa ndege, na safari inayoanzia au kuishia hapo hutozwa euro 14, si 2.55. Asiye na kadi ya wiki analipa euro 28 kwa siku kwenda mjini na kurudi. Watu wawili ni 56, yaani ile tofauti ya chumba yote imekwisha, na bado kila siku wanasafiri kama wafanyakazi wa zamu. Roissy inafaa usiku mmoja kabla ya ndege ya alfajiri, basi.

Kwa familia mizani inageuka tena. Chumba cha kawaida katikati ya Paris ni kidogo, na hoteli nyingi hazikubali watu wanne katika chumba kimoja. Baba, mama na watoto wawili watalazimika kuchukua vyumba viwili, na hapo tofauti haiwi 330 tena, inaweza kupita 1,000 kwa siku sita. Viungani kuna hoteli za vyumba vyenye jiko, na jiko ndilo linaloirudisha bajeti ya familia mahali pake. Soko la Château Rouge, kwenye metro namba 4, lina samaki, ndizi za kupika, muhogo, mihogo ya kusagwa na majani yake, kisamvu kwa Mtanzania na sombe kwa Mkongo wa mashariki. Chungu kimoja cha kisamvu na wali usiku kinaokoa zaidi ya kuponi yoyote ya punguzo. Watoto chini ya miaka minne hawalipi nauli.

Kwa safari fupi, tuseme Ijumaa hadi Jumatatu, ningelala katikati bila kusita. Kadi ya wiki haikufai, siku kamili za kutembea ni mbili tu, na kutoka makumbusho ya Louvre hadi kanisa kuu la Notre-Dame ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Tofauti ya vyumba kwa siku tatu, kwa mfano wetu, ni euro 165. Wa nje watarudisha kama 30 kwa tiketi za ziada, na asubuhi mbili kati ya hizo chache zitaishia ndani ya treni.

Viingilio havijali umelala wapi, lakini vimebadilika kiasi cha kuharibu bajeti iliyonakiliwa kwa mtu aliyekwenda zamani. Tangu Januari 2026 Louvre humtoza mgeni anayetoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Iceland, Liechtenstein na Norway) euro 32, wakati wa eneo hilo analipa 22. Mume na mke kutoka Nairobi au Dar es Salaam wanalipa 64 mlango mmoja. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, uraia wowote, na siku ya Jumanne pamefungwa. Bei hiyo inauma, hasa kwa jumba lililojaa vitu vilivyotoka katika mabara ya watu wanaotozwa zaidi. Asiyetaka kuilipa anaweza kutazama mikusanyo ya kudumu ya makumbusho ya Petit Palais na Carnavalet bila malipo, na Notre-Dame, iliyofunguliwa upya Desemba 2024, haina kiingilio.

Kwa anayeomba viza, chaguo la malazi linaingia hata kwenye pesa za kuonyesha benki. Ufaransa inataka uthibitisho wa euro 65 kwa siku kwa msafiri aliyekwisha kuhifadhi hoteli, na 120 kwa asiyehifadhi. Anayepokewa na mwenyeji mwenye barua rasmi ya halmashauri ni 32.50. Kwa siku saba tofauti ya 65 na 120 ni kati ya 455 na 840. Ada ya viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, hairudishwi ukikataliwa, na bima lazima ifidie angalau euro 30,000. Kwa hiyo, kabla viza haijatoka, chumba kisichoweza kufutwa hakifai hata kikiwa na punguzo la asilimia ishirini, kiwe Bastille au Montreuil.

Na picha. Kadi ya Navigo Découverte ya wiki haikamiliki bila picha ya milimita 25 kwa 30 kubandikwa na jina kuandikwa. Ukikaguliwa haina picha, unapigwa faini ingawa umelipa. Mashine za picha za vituoni zipo, ila zinatoza. Unapopiga picha za viza, omba nakala moja zaidi kwa kila mtu na uikate nyumbani.