Besi wa Kilioni

Shemeji yangu, aliyerudi likizo kutoka Brussels, ameniuliza mezani, mbele ya mke wangu na watoto, nikiwa na tonge la bukari mkononi, ni wapi hapa Lubumbashi mtu anaweza kuketi jioni akasikiliza muziki wa klasiki unaopigwa na watu walio hai. Swali la namna hiyo likiulizwa faraghani ni mazungumzo. Likiulizwa mezani ni mashtaka. Hakutaka kujua maji yanatoka saa ngapi za usiku, wala zamu yetu ya umeme inaangukia siku gani. Ameulizia fidla.

Kisha, bila kuombwa, akaanza kutusimulia. Kule Vienna, jumba la opera la taifa huuza tikiti za bei nafuu kwa watu wa kusimama. London nako, katika yale matamasha ya kiangazi yaliyoanza mwaka 1895 na ambayo siku hizi hufanyika Royal Albert Hall, mamia ya watu husimama mbele ya okestra saa nzima na zaidi, wala hawaonekani kuona ni adhabu. Nilimwambia kwamba ikiwa jambo ni kulipa ili usimame, sisi tuna taksi-basi za asubuhi za kutoka Katuba, tena zenye muziki ndani. Mke wangu alicheka. Shemeji hakucheka, akahamia Brussels kwake, kwenye shindano la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambako vijana wapiga fidla wa dunia nzima hutokwa na jasho mbele ya majaji.

Hapo alinigusa kidonda. Elisabeth huyo ndiye yule yule ambaye mji wetu ulipewa jina lake ulipoanzishwa mwaka 1910, na tukalibeba jina hilo hadi mwaka 1966. Malkia mwenyewe alikuwa akipiga fidla, na shindano lake lilianza mwaka 1937 kwa jina la mpiga fidla Ysaÿe kabla ya kuchukua jina la malkia mwaka 1951. Kwa maneno mengine, miaka 56 tuliitwa kwa jina la mwanamke wa fidla, shaba yetu ikapanda treni usiku na mchana, na katika urithi wetu sioni hata uzi mmoja wa chombo chake.

Jukwaa, nakiri, lipo. Wabelgiji walijijengea hapa mjini ukumbi mkubwa wa tamthilia katika miaka ya 1950, kazi ya msanifu Claude Strebelle, lakini watu wanaufahamu zaidi kama jengo la 30 Juni, walimokaa wabunge wa jimbo, na katika kwaya ya wabunge kila mmoja huimba sauti ya kwanza. Shemeji akasema basi twendeni Kinshasa, kwa okestra ya Wakimbangu iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, nabii aliyeanzisha kanisa lao, ambayo hupiga hata Simfoni ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yake yote. Ni kweli tupu, na ni sifa kwa nchi nzima. Ila Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na kwa nauli hiyo ningeweza kununua fidla yangu mwenyewe, na bado ikabaki ya kumlipa jirani avumilie.

Wala isidhaniwe kwamba huku kwetu damu ya muziki ilikosekana. Joseph Kiwele, mpiga kinanda na mtunzi wa misa, alikuwa wa huku huku, kabla siasa haijamchukua ikamfanya waziri wa elimu wa Katanga, jimbo letu, lilipojitenga. Na wale wavulana wa Kamina, pamoja na walimu wao, walikwenda Ulaya mwaka 1958 kuimba misa ya Kilatini juu ya midundo ya nyumbani, Missa Luba, na Wazungu wakainunua kwenye santuri. Basi nilimjibu shemeji jambo ambalo kila mkazi wa mji huu analijua ingawa hakuna anayelitamka: ukitaka sauti nne, Kilatini, tarumbeta na fidla kwa siku moja, subiri mtu mwenye jamaa wenye uwezo afariki.

Hatukusubiri sana. Jumamosi hiyo alikuwa anazikwa mzee mmoja aliyeimba besi parokiani tangu ujana wake, na kwaya ilikuwa imeapa kumsindikiza kwa Misa ya Wafu ya Mozart, si yote, ila vipande vinavyowezekana. Tulivaa suti nyeusi. Mlangoni, kijana wa protokole mwenye utepe mkononi alituinamia kwa adabu.

"Pole sana, ba papa. Ninyi ni wa upande gani?"

Kushoto walikaa ndugu wa mjane, kulia ndugu wa marehemu, katikati watu wa kazini. Nilikuwa bado napima ni upande gani wenye feni, shemeji akajibu kwa unyofu wake wa Brussels: "Sisi tumekuja kwa ajili ya kwaya."

Kijana aling'aa uso. Alitushika mikono, akatupitisha mbele ya jeneza, mbele ya mapadri, mbele ya mjane aliyeinua kichwa kutushukuru kwa macho, akatukabidhi kwa kiongozi wa kwaya kwa maneno haya: "Waimbaji wenu kutoka mbali wamefika." Kabla sijafungua kinywa nilikuwa nimevishwa joho linaloishia magotini, nimepewa karatasi zilizofotokopiwa mpaka noti zimekuwa ukungu, na nimewekwa kwenye safu ya besi, katika nafasi ambayo, nilikuja kuelewa, ndiyo ilikuwa ya marehemu.

Nilifungua na kufunga mdomo kwa heshima yote. Jirani yangu, mzee mwenye kifua cha mfua vyuma, alininong'oneza, "Papa, toa sauti." Nikatoa. Akaninong'oneza tena, "Basi, inatosha."

Wanaojua wanasema kwamba katika sehemu ile ya machozi ya misa hiyo, Lacrimosa, Mozart alifika kipimo cha nane cha muziki na kalamu ikaishia hapo. Alifariki mwaka 1791 na wengine ndio waliomalizia. Sisi tulifika karibu na hapo hapo, umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza, feni zikanyamaza, na kiongozi wa kwaya hakushusha mikono. Waliendelea bila chochote, sauti nne na kijana mmoja wa fidla aliyefumba macho, na nasema bila kutania kwamba Vienna wangelipa, tena kwa kukaa. Nilisahau hata kuigiza.

Ndipo shangazi wa marehemu, pale kwaya iliposhusha pumzi, alipopasua kilio kirefu cha kumwita mzee wake kwa majina yote ya ukoo. Na shemeji yangu, ambaye amefundishwa huko aliko kwamba kati ya sehemu na sehemu hakohoi mtu wala hapigi makofi, aliweka kidole mdomoni akasema, "Shhh."

Kanisa zima lilisikia.

"Wewe, mwana wa nani?" mama yule aliuliza, akiwa amekauka machozi ghafla. "Mtoto wangu amelala hapo, na wewe unaninyamazisha?"

Shemeji alianza kumweleza kuhusu simfoni. Alimweleza kwa Kifaransa! Nilimvuta joho, likachanika begani, na wakati huo huo mama mwenye daftari la michango alikuwa ameshatufikia, akitaka petroli ya jenereta kutoka kwa kila mwimbaji, na hasa kutoka kwa hawa waliotoka mbali. Nilitoa. Jina langu limeandikwa, na kiasi kimeandikwa, na kilisomwa kwa kipaza sauti mara tu umeme wa jenereta ulipowaka, kikafuatwa na ukimya ambao shemeji angeufurahia kama usingekuwa wetu.

Sasa kiongozi wa kwaya amepata namba yangu. Besi zimempungukia, anasema, na sura ya mwimbaji ninayo, sauti itakuja. Mazoezi ni saa kumi na moja jioni, ng'ambo ya reli, saa ambayo taksi-basi hazipatikani, na ikipatikana moja dereva anakata safari vipande viwili ili umlipe mara mbili kwa njia ile ile uliyokuwa ukiilipia mara moja, anakushusha katikati pasipo na kivuli wala kituo, anageuza gari, anapakia wengine, na ukimdai chenji yako anakuonyesha noti ya franka iliyounganishwa kwa gundi na kukuuliza, wewe papa mzima, kama unaitaka au huitaki.